Kutafuta vikopo pamoja na mtoto mwenye kifafa: jibu kwa mama wa Kampemba

Mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Binti yake wa miaka 11 ana kifafa. Anameza dawa kila jioni, na tangu aanze kutibiwa ameanguka mara chache tu. Likizo iliyopita mjomba wa watoto, anayeishi Ubelgiji, aliwafundisha mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa kwa kufuata GPS ya simu, ule ambao wachezaji wanauita jiokeshingi, na sasa nyumba nzima inaupenda. "Daktari," anaandika, "tunataka kuweka vikopo vyetu wenyewe mjini, ndani yake tutie karatasi za kueleza kifafa, ili watu waache kumkimbia mtoto wetu. Mjomba anataka tuweke na picha yake. Kambo yao, mama mkwe wangu, anakataa kabisa. Anasema mtoto ataanguka njiani na sisi tutajitafutia maneno. Je, ni jambo la kufanya? Na tukifanya, tufanyeje?"

Mama, asante kwa kuniamini na swali hili. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi: fanyeni. Mtoto mwenye kifafa anahitaji kutembea, kucheza, kuchoka vizuri na kulala vizuri kama watoto wengine, na mtaa unahitaji kumwona akicheza. Ila mpango wenu, jinsi ulivyonieleza, ningeugeuza katika mambo mawili. Msifiche kitu. Na karatasi zenu zisijaribu kueleza ugonjwa wote. Zifundishe mikono ya watu ifanye nini mtu akianguka mbele yao.

Nianze na kuficha, maana hapo ndipo mama mkwe wako ana haki kuliko anavyofikiri. Huko anakoishi mjomba, mtu akionekana anainama chini ya mti na kutoa kikopo, wapita njia wanaendelea na safari yao. Hapa kwetu kikopo kilichozungushiwa utepe na kusukumwa kwenye tundu la ukuta, au chini ya mzizi wa mwembe, hakipiti hivihivi. Askari atafikiri bomu au mali ya wizi. Vijana watafikiri pesa au mawe ya madini, na kesho yake utakuta shimo. Jirani atafikiri fetisi, yaani dawa ya uchawi. Hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua, kwa sababu watu watauliza ni nani aliyeonekana akiinama pale jioni, na jibu litakuwa: ni wale wenye mtoto anayeanguka.

Unajua kama mimi kwamba katika nchi hii watoto wameitwa wachawi kwa sababu ndogo sana: kukojoa kitandani, kupiga kelele usingizini, kuanguka. Sheria iko upande wenu. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Ikitokea mtu, awe jirani au mchungaji, akamtamkia binti yako maneno hayo, mnayo haki ya kwenda mahakamani. Lakini sheria hufika baada ya maneno kusemwa, na mtoto huwa ameshayasikia. Ni afadhali tusiwape watu kitu cha kuokota.

Basi kila kikopo kiwe cha wazi, yaani cha plastiki inayoonyesha kilichomo, na juu yake maandishi makubwa ya Kiswahili na Kifaransa: mchezo wa familia, fungua, soma, rudisha. Kisizikwe popote. Na kila kikopo kiwe na mlinzi wake, mtu mwenye kiwanja au duka, ambaye amekubali na anajua kilichomo. Sekretari wa parokia. Mwalimu mkuu. Mwenye famasi ya kwenye kona. Mama anayeuza makala, yaani makaa, ambaye anakaa palepale kutwa nzima na hakuna anayepita asimwone. Mchezo haupungui utamu kwa hilo. Watoto bado watafuata namba kwenye simu, na simu ya kawaida itawafikisha mita chache tu kutoka mahali penyewe, mara nyingine mbali zaidi wakiwa chini ya miti au kando ya kuta ndefu. Hizo mita za mwisho ndizo zenye furaha, maana hapo simu inaingia mfukoni na macho yanaanza kazi. Kitendawili kidogo kinatosha: "Ninakaa karibu na anayepima sukari kwa kopo." Mtoto wa Lubumbashi atajua aangalie duka gani.

Kabla ya kikopo cha kwanza, nendeni kwa shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, mkiwa wawili, wewe na bwana, mkionyesha kikopo chenyewe. Mwachie karatasi moja. Na chukueni ramani mfute sehemu ambazo hamtazikaribia hata kwa kupita: Camp Vangu na kila penye wanajeshi, gereza la Kasapa, uwanja wa ndege wa Luano, na kiwanda cha Gécamines pamoja na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Najua mlima ule na lile bomba refu la moshi ndivyo sura ya mji wetu na watoto watautaka. Ni eneo la kampuni, lina miteremko, na mtu anayezungukazunguka hapo akitazama simu na kuandika namba ataulizwa maswali ambayo hamtapenda. Kwa familia, bustani ya wanyama inafaa, na Jumba la Makumbusho la Taifa linafaa, mkiomba ruhusa kwa uongozi.

Sasa kuna jambo ambalo pengine mjomba hajawaambia. Mchezo huu una kanuni zake. Ulizaliwa Mei 2000: tarehe 2 serikali ya Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na tarehe 3 mtu mmoja, Dave Ulmer, akaweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Sharti lake lilikuwa rahisi: chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Leo vikopo vilivyosajiliwa duniani vinapita milioni 3, na tovuti kubwa inayovisajili haikubali kikopo chenye kampeni ndani, hata iwe kampeni njema ya afya au ya kusaidia yatima. Mkiandika kwenye maelezo ya kikopo kwamba kipo kwa ajili ya kuelimisha watu juu ya kifafa, msimamizi atakirudisha, na atakuwa anafuata kanuni.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kibati chenye namba, kile kinachosafiri kutoka kikopo hadi kikopo mikononi mwa wachezaji. Kibati kinaruhusiwa kuwa na nia yake, na ukurasa wake unaweza kusema wazi: mimi natoka Lubumbashi, nazunguka dunia nikikumbusha watu kwamba anayeanguka alazwe ubavu. Mjomba anaweza kukinunua huko na kukiacha Ubelgiji, na watoto wakafuatilia kwenye simu kimefika wapi. Kazi hiyo inamfaa sana mjomba, ambaye naona moyo wake uko nanyi. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendelea kwa mtaa wenu, ni kutosajili kitu chochote. Chezeni mchezo wenu wenyewe. Andikeni namba za mahali kwenye karatasi, ibandikeni kanisani na shuleni, na kila anayetaka aanze. Watu mnaotaka kuwafikia hawako kwenye tovuti hiyo. Wako kwenye foleni ya maji.

Nifike kwenye karatasi, maana hapa ndipo nina mengi.

Mzazi akitaka kuelimisha watu juu ya kifafa, huanza na ubongo: kwamba ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo, kwamba umeme huo ukienda ovyo mtu anaanguka. Ni kweli, na si vibaya kujua. Lakini nimekaa na familia nyingi, na nimeona kwamba anayekimbia mtu akianguka hakimbii kwa kukosa somo la ubongo. Anakimbia kwa sababu hajui aifanyie nini mikono yake, na mtu asiyejua la kufanya huogopa. Mpe kazi ya kufanya, atabaki. Akibaki mara moja na kuona macho yanafunguka na mtu anauliza "niko wapi?", hutahitaji kumhubiria tena.

Kwa hiyo karatasi iwe fupi, ya kusomwa na mtoto wa darasa la nne. Mimi ningeandika hivi:

"Mtu ameanguka, anakakamaa na kutikisika? Tazama saa. Ondoa mbabula (jiko la makaa), sufuria, mawe na vyote vya kumwumiza. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimbane, usimfunge. Usimtie kitu chochote mdomoni. Akiacha kutikisika, mlaze ubavu, baki naye hadi ajue yuko wapi. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi."

Hiyo inatosha kuokoa mtu. Zaidi ya hapo wekeni kwenye vikopo vingine.

Sentensi ya mdomo nataka muiandike kwa wino mzito. Kijiko ndicho kinachoumiza watu wetu. Taya la mtu aliyekamatwa na kifafa linabana kwa nguvu ambayo hakuna mkono utakaoishinda, na anayesukuma kijiko cha chuma kati ya meno anasukuma kwa hofu, yaani kwa nguvu zake zote. Jino la mbele linavunjika kwenye fizi, kipande kinaanguka nyuma kuelekea koo, damu inachanganyika na mate, na mgonjwa anavuta pumzi katikati ya hayo yote. Nimepokea wagonjwa ambao kifafa chenyewe kilikwisha nyumbani kwa dakika mbili, na kilichowaleta kliniki ni kijiko. Ulimi haumezwi. Unaweza kung'atwa, ndiyo, na utapona baada ya siku chache. Nasikia pia kitunguu puani, soksi, njiti ya kiberiti iliyozimwa, maji ya ndoo. Hakuna kati ya hivyo kinachokata kifafa. Kifafa kingi hujikata chenyewe kati ya dakika moja na tatu, na aliyekuwa ameshika kitunguu wakati huo huondoka akiamini kitunguu kimefanya kazi.

Saa nayo ina sababu yake. Ukimtazama mtoto anatikisika, dakika moja ni ndefu kama mchana mzima, na watu huja kwangu wakiapa kwamba ilikuwa nusu saa. Fanyeni kikopo kimoja kiwe cha saa: ndani yake sentensi moja tu, "Kaeni kimya wote dakika 2 mkitazama saa, bila kusema, kisha andikeni majina." Mtaona watoto wanavyohangaika kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Siku kifafa kitakapomkamata mtu mbele yao, watakumbuka kwamba muda unaodanganya una kipimo.

Kikopo kingine kiwe cha ubavu, na hiki kichezwe kwa mwili. Mmoja wa familia alale chali chini, mwingine apige magoti kando yake. Mkono ulio upande wako unyooshe utoke kiwiliwilini. Mkono wa mbali ulete juu ya kifua, mgongo wa kiganja chake uuweke kwenye shavu lililo upande wako na uushike hapohapo. Kwa mkono wako mwingine kunja goti lake la mbali, kisha livute goti kuelekea kwako: mwili wote unakuja, hata kama ni mtu mzito na wewe ni mtoto. Mwinue kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo, ili hewa ipite na mate yatoke nje badala ya kurudi kooni. Wafanye mara tatu wakibadilishana, kaka kwa dada, mama kwa baba, ndipo wasaini. Nimewaona watoto wa miaka 9 wakimgeuza mtu mzima kwa njia hiyo na kusimama wakiwa wamejaa fahari. Hakuna bango la ukutani litakalofanya kazi hiyo.

Kikopo cha tatu mkiweke kwa ajili ya kifafa kisichoangusha, kwa sababu watu wengi hawajui kama kipo. Mtoto anaduwaa sekunde chache katikati ya sentensi, macho wazi, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mwalimu anamwita mvivu. Mwingine anatafunatafuna hewa, anavuta vuta shati, anatembea bila kujibu jina lake, na mtaani wanasema amepandwa na roho. Kwa huyu hakuna kugeuza ubavu. Unamwongoza kwa upole mbali na barabara au moto, unakaa karibu, unamwambia yuko wapi anaporudi. Ukimshika kwa nguvu atajitetea bila kujua anapigana na nani, na mtagombana bure.

Juu ya chanzo, kikopo kimoja kinatosha na msikirefushe. Kuzaliwa kwa shida na kukosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo yaani ugonjwa wa meninjaiti, ajali ya kichwa (tazama pikipiki zetu zisizo na kofia), kiharusi kwa wakubwa, na minyoo ya nguruwe. Hii minyoo niongeze maneno mawili, kwa kuwa watu wa mji huu wanapenda nyama ya nguruwe na sitaki mjibu vibaya mtu akiuliza kama kifafa kinaambukiza. Mayai ya tegu wa nguruwe hutoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu tumboni, yanaingia kwa mikono michafu, maji au mboga, na mengine yanakwenda kukaa kwenye ubongo. Kinga yake ni choo, sabuni na nyama iliyoiva. Kifafa chenyewe hakipiti kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kula bukari kwenye sahani moja. Povu linalotoka mdomoni ni mate ambayo mtu hakuweza kuyameza. Mwambieni hivyo kila mtu, kwa sababu wapo walioungua vibaya kwenye mbabula huku watu wamesimama pembeni wakiogopa kuwagusa.

Msisahau kuandika mahali fulani kwamba kina dawa. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Fenobabitali, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, bado inafanya kazi hadi leo na ni ya bei ndogo. Anayesoma karatasi yenu akiwa na mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma anapaswa kutoka hapo akijua kwamba aende hospitali, na kwamba dawa haiachwi ghafla hata mtoto akikaa miezi bila kuanguka. Andikeni kituo cha afya kilicho karibu na kila kikopo. Hilo tu, bila namba za simu za watu.

Sasa picha. Mwambie mjomba, kwa heshima yote, kwamba picha haitawekwa. Wala jina, wala shule, wala avenyu. Karatasi iliyo kwenye kikopo inasomwa na yeyote na kupigwa picha na yeyote, na picha ikishaingia kwenye simu za watu hamtaweza kuirudisha. Leo binti ana miaka 11 na pengine anafurahia. Akiwa na miaka 17, anatafuta nafasi ya masomo au rafiki wa kiume anamletea wazazi wake, uamuzi wa nani ajue na nani asijue uwe wake. Zaidi ya hapo, mmemuuliza? Katika barua yako umeniambia mjomba anataka nini, kambo anataka nini, wewe unataka nini. Yeye sijamsikia. Mkae naye peke yake, bila kaka zake, mmuulize kama anataka mchezo huu ubebe jambo hili kabisa, au anataka ubaki mchezo tu. Akisema hapana, basi ni hapana, na mtaendelea kutafuta vikopo vya kawaida kwa furaha ileile. Akisema ndiyo, mpe yeye kazi ya kuamua nini kiandikwe. Watoto wenye kifafa wanajua wanachotaka watu wafanye. Wengi wameniambia jambo moja ambalo wakubwa hawalifikirii: kwamba wakizinduka, wanataka mtu awe ameshawafunika kanga kama wamejikojolea, na wenzao wawe wameondolewa wasiwatazame. Akitaka hilo, liandikeni kwa maneno yake.

Juu ya hofu ya mama mkwe kwamba ataanguka njiani: anaweza kuanguka njiani, kama anavyoweza kuanguka mezani. Kinachobadilika ni mahali anapoangukia. Kwa hiyo kikopo hakiwekwi karibu na maji, iwe ziwa la Kipopo, mto Kafubu, mfereji au kisima, na hata maji ya magotini ni mengi mno kwa mtu asiyejijua. Hakiwekwi juu ya mti, juu ya ukuta, kwenye ngazi. Hakiwekwi ng'ambo ya barabara kubwa. Mtu mzima mmoja anayejua la kufanya atembee karibu naye, naye aongoze mbele akishika simu kama wenzake. Wasiwasi wa watu juu ya mwanga wa simu ni mkubwa kuliko jambo lenyewe: katika watu 100 wenye kifafa, wanaokamatwa kwa sababu ya mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka ni kama 3. Kama daktari wake hajasema kwamba yeye ni mmoja wao, simu haina kosa.

Yanayomwangusha mtoto aliyekwisha kutulia kwa dawa mara nyingi ni kuruka dozi, kukosa usingizi na homa. Akiwa na homa Jumamosi, Jumapili hakuna mchezo, mpimeni malaria. Kama kulikuwa na mkesha kanisani, alale kwanza. Atoke amekula, akiwa na maji na kofia, hasa Septemba na Oktoba joto linapokuwa kali kabla mvua hazijaanza. Dawa ya jioni imezwe saa yake hata kama mmechelewa kurudi, kwa hiyo bebeni dozi moja mfukoni. Na muulize daktari wake kama mnapaswa kuwa na diazepamu ya dharura ya kutia njia ya haja kubwa, na kama jibu ni ndiyo, akuonyeshe kwa vitendo jinsi ya kuitumia kabla haijahitajika.

Umeuliza pia kama mngoje tarehe 26 Machi, siku ya zambarau, ile ya kuelimisha watu juu ya kifafa. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 2008 na mtoto wa Kanada, Cassidy Megan, akiwa na miaka 9 na akiwa na kifafa yeye mwenyewe, na ningependa binti yako ajue kwamba aliyeianzisha alikuwa mdogo kuliko yeye. Lakini Machi kwetu ni mvua. Kama mnaitaka tarehe hiyo, fungeni kila kikopo vizuri, tieni karatasi na daftari ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, na tumieni kalamu ya risasi, kwa sababu wino unayeyuka na unyevu. Kwa mchezo mkubwa wa mtaa, wenye familia nyingi, mimi ningechagua Juni au Julai: njia ni kavu na hakuna matope. Utepe wa zambarau unafungwa mwezi wowote.

Jambo la mwisho linahusu simu na daftari, ambavyo sasa mmezoea kuvibeba. Sisi madaktari mara nyingi hatumwoni mgonjwa akianguka. Tunatibu kwa kusimuliwa, na masimulizi ya watu walioogopa hayafanani. Akikamatwa tena, njiani au nyumbani, mmoja amhudumie na mwingine arekodi video: uso, macho yanaelekea upande gani, mkono upi ulianza. Video hiyo ni ya kliniki tu, haitumwi kwa shangazi wala kwenye kundi la familia. Na kwenye daftari moja, kando na lile la vikopo, muandike tarehe, saa, ilidumu dakika ngapi, alilala vipi usiku wa kabla yake, kama dozi ilirukwa. Uje navyo vyote viwili kwenye miadi yake ijayo, na uje na mama mkwe wako pia. Maswali yake nataka kuyajibu mwenyewe.